Kutoa chipukizi ili kupata mrushaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Julai ikielekea ukingoni, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ikikaribia, meseji zinazonijia ni zile zile. Timu yangu ya besiboli iko nafasi ya pili, warushaji (wale wanaomtupia mpigaji mpira) wamechoka, mbona meneja mkuu hamtoi yule kijana anayesifiwa kila siku tupate mtu wa kurusha? Au kinyume chake: mbona amemtoa? Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja ili nisirudie yale yale kila mwaka. Ni majibu ya shabiki anayetazama Ligi Kuu ya Marekani saa nane za usiku, sauti imezimwa, nyumba nzima imelala. Usitegemee niwe mpole kwa kila mtu.

Kwa nini wanalipana kwa wachezaji? Si watoe fedha tu?

Aliyezoea dirisha dogo la Simba na Yanga lazima ashangae. Kwenye soka ukimtaka mtu wa klabu nyingine unalipa ada ya uhamisho, mnaagana. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Mchezaji ambaye hajatimiza miaka sita ya utumishi Ligi Kuu, au ambaye mkataba wake haujaisha, ni wa klabu yake, na ukimtaka utatoa wachezaji wako. Fedha zipo, lakini aghalabu ni za kusaidiana kulipa mshahara uliobaki.

Kwa hiyo sarafu ya soko hili ni chipukizi. Kila klabu ina timu kadhaa za ligi ndogo chini yake, na humo wamo vijana wa kutoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela, vyuo vya Marekani na kwingineko, wakipanda ngazi moja baada ya nyingine. Wengi hawafiki juu kamwe. Anayefika ni mali kubwa, kwa sababu miaka yake ya mwanzo analipwa kidogo mno ukilinganisha na nyota: kima cha chini cha mshahara Ligi Kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, wakati mrushaji mkubwa anachukua makumi ya mamilioni. Unapomtoa kijana, huuzi kipaji peke yake. Unauza pia miaka sita ya kipaji hicho kwa bei ya chini.

Na kwa nini kila mwaka kilio ni cha warushaji, si wapigaji?

Kwanza kwa sababu wanaumia. Kurusha mpira kwa kasi ya maili 97 kwa saa, mara tisini kwa siku moja, ni kazi ambayo kiwiko cha binadamu hakikuumbwa kuifanya. Msimu una mechi 162, na kufikia Julai kila timu ina mtu aliyefungwa bandeji.

Ila sababu kubwa iko kwenye kalenda. Katika msimu wa kawaida timu hutumia warushaji watano wa kuanza kwa zamu, kila mmoja akitoka siku ya tano. Oktoba, kwenye mtoano, siku za mapumziko huongezeka na watatu au wanne wanatosha. Mrushaji mmoja hodari anaweza kuanza mechi mbili kati ya saba za fainali, na akitoka vizuri ameshika mchezo mzima mkononi. Mpigaji hana bahati hiyo. Awe bora kuliko wote duniani, anapata zamu zake nne au tano kwa mechi kama wenzake. Ndiyo maana thamani ya mrushaji hupanda kadiri majani yanavyoanza kudondoka.

Jibu fupi basi: wauze au wasiuze?

Wauze. Klabu inayoshika vijana wake wote wakati kombe liko mbele yake inajidanganya kwamba nafasi kama hiyo itarudi mwakani. Suala ni nani anatoka, kwa ajili ya nani, na huyo anayekuja atakaa miezi mingapi.

Mbona kila mtu akisikia hivyo anataja jina la Smoltz?

Kwa sababu kisa chake kinauma mpaka leo, ingawa wengi wanakisimulia nusu.

Agosti 12, 1987, Detroit Tigers walikuwa wakiwania ubingwa wa kanda yao na walihitaji mrushaji wa kuanza. Atlanta Braves walikuwa na Doyle Alexander, mzee wa miaka 36. Detroit wakamchukua, wakatoa kijana wa miaka 20 mzaliwa wa Michigan, aliyekua akiishabikia Detroit hiyo hiyo: John Smoltz. Alexander akaanza mechi 11, na Detroit wakashinda zote 11. Yeye mwenyewe aliandikiwa ushindi tisa bila kupoteza hata mmoja, akiruhusu wastani wa mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) 1.53 tu kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima. Toronto, waliokuwa mbele kwa mechi tatu na nusu zikiwa zimebaki saba, wakapoteza zote saba, tatu za mwisho zikiwa Detroit kwenyewe. Tigers wakachukua kanda kwa ushindi 98 dhidi ya 96.

Bila Alexander hilo lisingetokea. Ukikataa kusema hivyo, usiendelee na hadithi.

Kisha mtoano ukaja, Alexander akaanza mara mbili dhidi ya Minnesota, akapigwa mara mbili, safari ikaishia hapo. Mwaka 1989 alipoteza mechi 18 na kustaafu. Smoltz akashinda mechi 213, akamalizia mechi 154 alipohamishiwa kazi ya kufunga milango, yaani kuingia mwishoni kulinda ushindi, akatwaa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, mwaka 1996, na mwaka 2015 akaingia Ukumbi wa Mashujaa.

Kipande kinachosahaulika ni hiki: siku anatolewa, Smoltz alikuwa kwenye ligi ndogo, ngazi mbili chini ya Ligi Kuu, ameshinda mechi nne na kupoteza kumi, akiruhusu wastani wa mikimbio 5.68. Hakuwa dhahabu inayong'aa mezani. Alikuwa kijana mwenye mkono mzuri na matokeo mabaya, wa aina ambayo kila klabu inao wanne. Ndiyo maana simlaumu sana aliyesaini. Namlaumu kidogo kwa kutojua kwamba mkono ule ulihitaji kocha tu.

Na Bagwell?

Hapo sina huruma. Mwisho wa Agosti 1990 Boston Red Sox walimtoa Jeff Bagwell kwenda Houston ili wampate Larry Andersen. Andersen hakuwa mrushaji wa kuanza. Alikuwa wa akiba, wa kuingia mechi ikishafika mwishoni. Aliwarushia Boston awamu 22. Alizirusha vizuri, hilo nalikubali. Timu ikaingia mtoano, Oakland wakawafuta kwa mechi nne mfululizo, na msimu ulipoisha Andersen akaenda zake San Diego akiwa mchezaji huru.

Bagwell alizaliwa Boston. Alikuwa akipiga wastani wa .333 kwenye ligi ndogo, yaani anafanikiwa mara moja kwa kila tatu, lakini alikuwa amevusha mipira minne tu nje ya uzio msimu mzima, na mahali pake uwanjani, besi ya tatu, palikaliwa na Wade Boggs. Kwa hesabu za Boston hakuwa na nafasi. Houston wakamhamishia besi ya kwanza. Mwaka uliofuata akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake (Ligi Kuu imegawanyika ligi mbili), mwaka 1994 akawa mchezaji bora kabisa, na alipostaafu alikuwa amevusha mipira 449.

Awamu 22! Mrushaji wa kuanza anazimaliza katika wiki tatu. Ukitaka kujua bei ya juu kabisa ya kumnunua mtu wa akiba, iangalie hiyo, kisha usiikaribie.

Lakini Chicago Cubs walimnunua mtu wa akiba na wakachukua kombe. Unasemaje?

Hili ndilo swali linalonipa shida, na nitalijibu taratibu.

Julai 25, 2016, Cubs walikuwa timu bora ya ligi, na hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Wakawapa New York Yankees wachezaji wanne, akiwamo Gleyber Torres wa miaka 19, chipukizi wao namba moja, ili wampate Aroldis Chapman, mrushaji mwenye kasi kuliko wote. Mkataba wa Chapman ulikuwa unaisha msimu huo huo. Pia alikuwa ametoka kutumikia adhabu ya mechi 30 chini ya kanuni za ligi kuhusu ukatili wa nyumbani, na mashabiki wengi wa Chicago hawakufurahi kumvalisha jezi yao. Wana haki.

Sasa twende mechi ya saba ya fainali, Cleveland, Novemba 2. Kwetu ilianza baada ya saa tisa usiku. Chapman alikuwa ameshatumika mno: mipira 42 mechi ya tano, na mechi ya sita akaingizwa tena wakati timu inaongoza 7 kwa 2, jambo ambalo mpaka leo sijaelewa kocha alikuwa akiogopa nini. Awamu ya nane ya mechi ya saba, wapigaji wawili wa Cleveland kati ya watatu wameshatolewa, Cubs wanaongoza 6 kwa 3, mtu mmoja yuko besini, akaitwa. Ilikuwa asubuhi kwetu, mimi nimeshavaa viatu vya kazini. Ulionekana wazi mpira wake hauna moto wa siku zote. Brandon Guyer akaupiga, mkimbio mmoja ukaingia. Kisha akaja Rajai Davis, mtu mwepesi asiyejulikana kwa nguvu, ameshika gongo juu kabisa ya mpini ili alizungushe haraka. Mpira ukaenda chini chini kushoto, ukavuka ukuta kwa nafasi ndogo. 6 kwa 6. Nilikaa chini na viatu vyangu.

Chapman alirudi awamu ya tisa akiwa hoi na akawatoa watatu bila kuruhusu mtu. Mvua ikanyesha dakika 17. Awamu ya kumi Cubs wakapata mikimbio miwili, Cleveland wakarudisha mmoja, na aliyeitwa kuutafuta mtu wa mwisho hakuwa Chapman. Alikuwa Mike Montgomery, mashoto ambaye Cubs walimchukua Seattle siku tano kabla ya dili la Chapman, kwa bei ambayo haikumkosesha mtu usingizi. Hakuwa amewahi kufunga mechi hata moja Ligi Kuu. Alifunga hiyo.

Je, wangefika hapo bila Chapman? Sidhani. Je, bei ilikuwa kubwa mno? Ndiyo. Yote mawili ni kweli. Torres aliitwa kwenye timu ya nyota wote mwaka 2018 na tena 2019, na Desemba hiyo hiyo ya 2016 Chapman alirudi New York kwa dola milioni 86 za miaka mitano. Yankees wakabaki na mbuzi na kamba yake. Lakini mwenye njaa ya miaka 108 hana miiko. Mwenye njaa ya miaka minne anao, au awe nao.

Kijana gani asiguswe kabisa?

Watu hunitajia namba ya kwanza kwenye orodha za wataalamu. Mimi naangalia nani amekaa mbele yake. Torres alikuwa shotstopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, na Cubs walikuwa na Addison Russell na Javier Báez, wote vijana, kwenye eneo hilo hilo. Kumtoa aliyezibwa njia kunauma kidogo kuliko kumtoa ambaye mwakani utamhitaji. Ila jihadhari, maana Bagwell naye alionekana amezibwa. Kabla ya kusema kijana hana nafasi, mjaribu sehemu nyingine ya uwanja.

Jambo la pili: warushaji chipukizi nawatoa haraka kuliko wapigaji chipukizi. Viwiko havina ahadi. Houston walipomchukua Justin Verlander mwaka 2017, kinara wa kundi walilolitoa alikuwa mrushaji kijana Franklin Pérez, na majeraha yakamla miaka yake yote mizuri.

Jambo la tatu ni yule wa mwisho kwenye orodha. Milwaukee Brewers walipomchukua CC Sabathia mwaka 2008, gumzo lote lilikuwa juu ya Matt LaPorta, mpigaji mwenye nguvu. LaPorta hakufika mbali. Aliyeongezwa baadaye, jina lake likiwa halijatajwa hata siku ya dili, ni Michael Brantley, na huyo akaitwa timu ya nyota mara tano. Muuzaji mjanja anakuacha upigane juu ya jina kubwa huku yeye macho yako kwa mtoto aliyekaa pembeni.

Bora mrushaji wa miezi miwili au mwenye miaka ya mkataba iliyobaki?

Mwenye miaka, kama bei inavumilika. Verlander ndiye mfano wangu. Dili lilikamilika Agosti 31 usiku, zimebaki sekunde chache kufika saa sita. Kwa haki aliyokuwa nayo ya kukaa miaka kumi Ligi Kuu, mitano ya mwisho na klabu ile ile, angeweza kukataa. Alikubali. Akashinda mechi zote tano alizoanza kabla ya mtoano, akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi yake, Houston wakachukua kombe. (Baadaye ikajulikana kwamba wapigaji wa Houston mwaka huo waliiba kwa kamera ishara ambazo wadakaji huwapa warushaji, wajue mpira gani unakuja, kwa hiyo kombe lenyewe lina doa; mkono wa Verlander hauna.) Miaka miwili baadaye, bado Houston, akatwaa Cy Young. Hapo ulichonunua kinakulipa hata kama Oktoba ya kwanza ingeharibika.

Sabathia ndiye upande wa pili. Alianza mechi 17 Milwaukee, akashinda 11 na kupoteza mbili, saba akazimaliza peke yake, na mwishoni akakubali kurusha kila baada ya siku tatu za mapumziko badala ya nne. Alikuwa anaingia soko huru baada ya msimu, yaani kila mpira aliorusha ulikuwa unaweza kumgharimu mamilioni. Brewers wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1982. Philadelphia wakawatoa raundi ya kwanza, na Sabathia akaenda Yankees kwa dola milioni 161. Nenda Milwaukee leo uwaulize kama wanajuta. Mimi nadhani utanunuliwa bia.

Ila miaka ya mkataba si dawa ya kila kitu. Pittsburgh Pirates mwaka 2018 walimchukua Chris Archer, mwenye mkataba mrefu na nafuu, wakawapa Tampa Bay Tyler Glasnow, Austin Meadows na baadaye Shane Baz. Archer hakurudi kuwa yule wa zamani, na miaka ile ya mkataba ikawa ya kuhesabu hasara.

Nitajuaje kama timu yangu inawania kweli?

Pittsburgh hao hao walikuwa wameshinda mechi 11 mfululizo mwezi ule wa Julai waliomchukua Archer. Wiki mbili nzuri hulewesha kuliko pombe.

Mfano mkali zaidi ni Los Angeles Angels wa 2023. Shohei Ohtani alikuwa anamaliza mkataba, wamiliki hawakutaka kumuuza, wakaamua kununua. Julai 26 wakawachukua Lucas Giolito na Reynaldo López, wakatoa wawili kati ya vijana wao bora, Edgar Quero na Ky Bush. Agosti ikaanza kwa kupoteza mechi saba mfululizo. Kabla mwezi haujaisha, Giolito na López waliwekwa kwenye orodha ya wasiotakiwa, achukue anayetaka bila kutoa mchezaji yeyote. Wakamaliza na ushindi 73, vipigo 89, na Desemba Ohtani akaondoka.

Tangu 2022 timu 12 zinaingia mtoano, kwa hiyo kila mtu Julai anajiona bado yumo. Mimi hujiuliza hivi: huyu mrushaji akija, ataanza mechi ya kwanza ya mtoano? Kama jibu ni kwamba atasaidia tufike huko tu, natoa kijana wa daraja la pili, sizidishi.

Si bora kusubiri msimu uishe, wanunue mchezaji huru kwa fedha?

Kwa mwakani, ndiyo. Kwa mwaka huu hakuna mrushaji huru wa maana anayekaa nyumbani mwezi wa saba.

Timu ikifanya hivi kila mwaka, kuna ubaya?

Bandu bandu huisha gogo. Mwaka wa kwanza unatoa wa tatu na wa saba, mwaka wa pili unatoa wa kwanza, mwaka wa tatu warushaji wako wamezeeka na ligi ndogo yako ni tupu.

Nani kafanya vizuri siku za karibuni?

Texas Rangers, 2023. Walimchukua Max Scherzer kutoka New York Mets kwa Luisangel Acuña, jina likaenda mjini. Karibu wakati huo huo wakamchukua kimya kimya Jordan Montgomery kutoka St. Louis. Mechi ya saba ya fainali ya ligi yao dhidi ya Houston, Scherzer alitolewa awamu ya tatu, Montgomery akaingia na ushindi ukaandikwa kwake. Texas wakachukua ubingwa wao wa kwanza katika historia ya klabu.

Huyu naye ni mashoto. Ukiletewa Montgomery anayerusha kwa kushoto, usiulize bei.

Siku ya mwisho ni lini, na nikeshe mpaka saa ngapi?

Zamani kulikuwa na mlango wa nyuma wa Agosti, ndio uliompitisha Verlander. Tangu 2019 umefungwa, kuna siku moja tu, mwisho wa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Miaka ya karibuni saa ya mwisho imekuwa saa kumi na mbili jioni ya New York, ambayo ni saa saba usiku Dar es Salaam na Nairobi. Usizime simu saa saba kamili. Madili yaliyowasilishwa dakika ya mwisho hutangazwa baadaye, na mara nyingi mazuri ni hayo.